Umekatwa mguu au mkono na bado unataka kucheza ngoma: mwongozo kamili kwa tulioko Uganda

Kama umeshakaa kwenye kwanjula (sherehe ya kutambulishana kabla ya harusi) au harusi tangu ukatwe mguu unajua inavyokuwa, MC anaita watu wote wasimame, muziki unafunguliwa, alafu wewe unaachiwa mikoba na simu za watu uzilinde mpaka mapaja yanajaa kama kibanda cha soko la Owino. Hakuna anayeuliza kama unataka kucheza. Hii nimemwandikia huyo aliyeachiwa mikoba. Mashindano yapo kwa anayeyataka, lakini mi naongea na mtu anayetaka kucheza sababu anapenda tu, Jumamosi jioni, nyumbani, kanisani, kwenye sherehe ya ndugu, basi.

Mi nimekatwa chini ya goti, mguu wa kushoto, kwa hiyo hayo nayajua mwilini, na ya waliokatwa juu ya goti au mkono nimeyapata kwa wenzangu ninaocheza nao. Msimamo wangu nauweka mapema: usisubiri mguu mzuri ndo uanze. Ngoma zetu nyingi ziko kiunoni, mabegani na mikononi, mguu ni sehemu moja tu ya kazi. Na kinachokupangia ratiba siyo mguu wa bandia, ni ngozi ya kigutu.

Kidonda kwanza

Kigutu kikiwa bado na nyuzi, au kinatoa majimaji, au kuna sehemu haijafunga, usikibebeshe uzito, hata kama jirani anakwambia mjomba wake alitembea baada ya wiki mbili. Nyuzi mara nyingi zinatolewa wiki ya pili au ya tatu, kwa mwenye sukari zinaweza kukaa zaidi, na zikishatoka hiyo siyo ruhusa ya kuruka bado, ni ruhusa ya kumuuliza daktari au mtu wa fizio: naweza kuanza lini kukiegemea kigutu, nyonga na goti vimekaza kiasi gani, na presha yangu inaruhusu mazoezi ya kutoa jasho?

Ukiwa unasubiri kuna kazi mbili ambazo zitaamua mwakani utacheza vipi. Moja ni kulala kifudifudi, dakika 20 hivi, mara mbili kwa siku kama daktari hajakukataza. Mtu akishinda kitini kutwa alafu usiku akaweka mto chini ya kigutu sababu anasikia raha, nyonga na goti vinazoea kukunjika na baadaye havinyooki tena, na mtu ambaye nyonga hainyooki hasimami wima kwenye mguu wa bandia, sasa kiuno utakizungushia wapi? Ya pili ni kukizoesha kigutu kuguswa. Kidonda kikishafunga unakipapasa na kitambaa laini, siku zikienda unahamia taulo, alafu unakigonga-gonga kwa ncha za vidole, dakika chache mara kadhaa kwa siku, na ukigonga kwa kufuata mdundo wa redio tayari umeanza somo. Bandeji ya kuvuta funga kwa kupishanisha umbo la nane, ikaze zaidi kwenye ncha na ilegee inavyopanda juu. Ukifanya kinyume, ncha inavimba.

Na kucheza kwenyewe? Kaa kitandani, weka lingala, chezesha mabega. Kama hukuumia huko juu, sijaona daktari anayekataza mabega.

Cha kumwambia fundi wa miguu

Karakana za miguu ya bandia ziko Mulago, Gulu, Fort Portal, na kuna hospitali ya CoRSU pale Kisubi njia ya Entebbe. Kwa watoto, wengi wanaijua Katalemwa Cheshire Home. Piga simu kabla ya kupanda taksi, uliza vifaa vipo ama havipo na gharama ni ngapi, usije ukasafiri kutoka Arua ukaambiwa urudi mwezi ujao.

Ukifika usiseme tu nataka mguu. Sema nataka mguu na nitauchezea ngoma. Na ubebe kiatu, hii wengi hawaambiwi. Fundi anaupanga mguu kulingana na kisigino cha kiatu ulichovaa siku ile, kwa hiyo ukija kuvaa kisigino kirefu zaidi mguu wote unakusukuma mbele na goti linataka kukunjika lenyewe, ukivaa ndala bapa unasukumwa nyuma na goti linabanwa lisikunjike. Kiatu cha kupimia ndo kiatu cha kuchezea. Kikichakaa tafuta kingine chenye kisigino cha urefu uleule, rangi ni shauri yako.

Mguu ambao wengi wetu tunapata huku ni wa plastiki na unyayo wa mpira, kifundo hakigeuki. Manake hausimami kwa vidole, kuchuchumaa ni kwa taabu, na kubwa kuliko yote, huwezi kujizungusha juu yake. Mpira unaishika sementi, we unageuza mwili, sasa ule msokoto wote unaenda kuishia ndani ya soketi, pale juu kigutu kinapoingia, ngozi inasokotwa na goti linasokotwa. Kwa hiyo geuka juu ya mguu mzima, na ule wa bandia unaunyanyua na kuuweka, unaunyanyua na kuuweka, hatua ndogo ndogo mpaka umemaliza kugeuka. Ukiangalia vizuri wazee kwenye sherehe nao wanageuka hivohivo, hakuna atakayeona tofauti.

Waliokatwa juu ya goti na wamepewa goti la kufunga na loki: cheza limefungwa. Mguu uweke mbele kidogo na pembeni, uzito uwe kwa mguu mzima, kiuno kifanye kazi. Usifungue loki eti ndo ukunje goti vizuri, goti la namna hiyo halina breki, ukikunja kidogo tu uko chini.

Ngozi ndo bosi

Joto la huku na jasho ndani ya soketi ni shida kuliko mguu wenyewe. Wimbo wa tatu au wa nne kigutu kinaanza kuteleza, kinasugua, unapata malengelenge, na lengelenge moja linakurudisha kwenye magongo wiki nzima. Kwa hiyo mwanzoni kila baada ya dakika 15 hivi kaa chini, vua mguu, futa jasho na kitambaa cha pamba, angalia, vaa soksi kavu, endelea. Hakuna cha kuona haya, wanaotazama watazoea, na watoto watauliza maswali yao yataisha.

Unaangalia nini? Alama nyekundu. Ile inayopotea ndani ya dakika kama 10 au 20 ni ya kawaida, isiyopotea, au inayouma, au iliyo kwenye mfupa, hiyo leo umemaliza, na ikirudi palepale mazoezi yajayo ni kazi ya fundi, soketi inabana hapo. Nyuma na chini tumia kioo kidogo.

Soksi nazo zina akili zake. Kigutu kinapungua kadiri siku inavyoenda na unavyocheza, kwa hiyo soketi iliyokaa vizuri asubuhi jioni inapwaya, unazama ndani, ncha inagonga chini. Dawa ni kuongeza soksi moja ya kigutu. Weka mbili tatu safi kwenye kavera (mfuko wa plastiki) ndani ya mkoba, kila siku. Kuosha kigutu osha jioni na sabuni ya kawaida, siyo asubuhi kabla ya kuvaa, ngozi iliyoloa inavimba kidogo na kuingia soketi inakuwa vita. Usipake vaselini kabla ya kuvaa mguu, usinyoe nywele za pale, na spiriti achana nayo, inakausha ngozi mpaka inapasuka.

Mwenye sukari, usicheze peku hata kwenye mkeka, mguu uliobaki ukague kila siku katikati ya vidole, na uwe na kitu kitamu mfukoni sukari isije ikashuka, hasa kama unatumia insulini.

Kuhusu ule mguu ambao haupo lakini unauma: ni kitu halisi, ubongo bado una nafasi yake, hujarogwa. Wengine kucheza kunawapunguzia, wengine usiku wa baada ya kucheza ndo unawasha zaidi. Kukanda kigutu kunasaidia wengi, na kuna lile zoezi la kioo, unaweka kioo kirefu katikati ya miguu unatazama mguu mzima ukicheza kana kwamba ni yote miwili. Lakini maumivu makali ya sehemu moja ambayo ukibonyeza yanachoma, hayo peleka hospitali.

Anza kwenye benchi

Siyo kiti cha plastiki! Vile viti vinateleza na miguu yake inapinda. Tafuta benchi la mbao, liegemeze ukutani, kaa mbele kidogo mgongo usiguse ukuta.

Wiki za kwanza, nyimbo mbili tatu tu, mguu wa bandia hata usiuvae. Nyimbo ya kwanza mabega peke yake, kushoto kulia, alafu yote mbele na nyuma. Ya pili kiuno: hamisha uzito toka tako moja kwenda lingine, polepole, ukihesabu mpaka nane. Hapo utagundua kitu, upande uliokatwa mwili unakwepa, unaegemea upande mzima bila kujua, na mtu akikupiga video ya simu kutoka mbele utaona kabisa bega moja liko chini. Kurekebisha hiyo ukiwa umekaa ni rahisi sana kuliko ukiwa umesimama, kwa hiyo usiruke hatua hii hata kama unajiona fundi.

Ukishavaa mguu na umezoea kutembea nao, simama katikati ya viti viwili vizito, migongo ya viti ikuelekee. Shika vyote. Hamisha uzito mguu mzima, mguu wa bandia, mzima, bandia, bila kunyanyua chochote. Kwenye bandia kaa hesabu mbili kamili, mwili unataka kukimbia, usiuruhusu. Alafu achia mkono mmoja, baadaye mwingine, vidole vikielea juu ya kiti. Hapo ndo unaongeza kiuno, na hapo ndo muziki unaanza kuonekana mwilini. Muziki uwe wa taratibu, rumba ya zamani inafaa sana, hizi za kasi zitakungoja.

Hatua zenyewe zianze kwenda pembeni, siyo mbele. Pembeni, kusanya, pembeni, kusanya. Kurudi nyuma ndo mwisho kabisa, unyayo wa mpira hauoni jiwe.

Na ukichoka mapema usijilaumu, mwili wenye mguu wa bandia unatumia nguvu zaidi kwa mwendo uleule, na aliyekatwa juu ya goti anatumia zaidi ya mimi. Kunywa maji.

Jifunze kuanguka

Utaanguka, kwa hiyo afadhali ujifunze kwenye godoro. Mtu akusaidie. Magongo ukiwa nayo yatupe pembeni, usiyaangukie. Geuka uangukie tako na paja la upande mzima, kidevu kifuani, mikono isinyooke kabisa sababu ndo viwiko na vifundo vinavunjika, na kigutu kikae mbali na sakafu. Kunyanyuka: piga magoti au tambaa mpaka kwenye benchi, mikono juu ya benchi, mguu mzima mbele, sukuma.

Kuanguka kwingi kwa waliokatwa juzi juzi hakutokei kwenye ngoma, ni usiku, mtu anaamka kwenda chooni amesahau, anakanyaga mguu ambao haupo. Weka magongo unapoweza kuyagusa ukiwa umelala.

Sasa ngoma ipi?

Hapa nitaongea sana sababu hapa ndo watu wanakosea kukata tamaa, wanachagua ngoma ngumu kwanza.

Bakisimba ya Baganda ni nzuri kwa kuanza kuliko watu wanavyodhani. Miguu inakaa karibu na ardhi, hatua ni ndogo, kazi kubwa ni kiuno. Magoti yanatakiwa yakunjwe kidogo, aliyekatwa chini ya goti anaweza, wa juu ya goti akunje lile moja tu. Siri iko kwenye vile vya kufunga kiunoni, ngozi na manyoya yanayorusha, vinafanya mtikisiko mdogo uonekane mkubwa. Huna ngozi? Funga sweta kiunoni mikono yake ining'inie, utatikisa nusu na wataona nzima.

Ekitaguriro ya Ankole, mikono juu kwa mapembe ya ng'ombe, unaweza kuicheza mikono yote ukiwa kwenye kiti na watu wakakuelewa kabisa unacheza nini. Ile ya wanaume ya kukanyaga kwa nguvu iache kwanza, kila kishindo kinaingia kwenye ncha ya kigutu. Larakaraka ya Waacholi nayo, wanaume wanashika nusu kibuyu na kukipiga kwa spoku za baiskeli, shingo na mabega vinafanya kazi: ukikaa chini na kibuyu chako uko ndani ya ngoma kabisa, siyo mtazamaji. Busoga kuna bigwala, yale matarumbeta ya vibuyu ambayo UNESCO iliyaweka mwaka 2012 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, watu wanazunguka taratibu wakitikisa kiuno, kasi yake inakubalika kwa mguu wa bandia, ila kuzunguka duara upande mmoja tu kunachosha, omba kubadilisha nafasi upumzike.

Runyege ya Bunyoro na Tooro mi naipenda mpaka basi lakini siyo ya mwaka wa kwanza. Njuga zinafungwa miguuni na sauti inatoka kwa kukanyaga haraka haraka, ukizifunga mguu mzima peke yake goti lile linabeba kazi ya mawili, na huo mguu ndo unaokupeleka kazini Jumatatu. Ukitaka sana, funga chache mkononi upige ukiwa kwenye benchi. Ekizino ya Bakiga ni kuruka na kutua kwa kishindo, hiyo piga makofi. Kadodi ya Bagisu, shida siyo hatua, shida ni barabara, mwaka wa imbalu, yaani tohara yao, watu wanacheza kilomita na kilomita kupanda milima ya Mbale, kwa hiyo we jiunge karibu na mwisho, panda boda mpaka pale, cheza robo saa umeshiba.

Rumba ya Kongo, ambayo nayo iliingia UNESCO 2021, mi ndo nampa kila anayeanza. Mnacheza wawili, una mtu wa kushika, hatua fupi, kiuno taratibu. Mwambie unayecheza naye asimame upande wa mguu wa bandia na akushike juu ya kiwiko, siyo vidole, vidole vinateleza.

Vijana mnaotaka kitu cha mtaani, Breakdance Project Uganda ipo tangu 2006 na breakdance kwa sehemu kubwa ni kazi ya mikono na sakafu, lakini pasha moto vifundo vya mikono kwanza, hivyo ndo vimekuwa miguu yako.

Magongo, kiti, na waliokatwa mkono

Kuna watu wanaacha mguu wa bandia nyumbani makusudi na kucheza na magongo, na sikatai. Musa Motha wa Afrika Kusini, aliyekatwa mguu utotoni kwa sababu ya saratani, anacheza hivo, na 2023 alipopanda jukwaa la Britain's Got Talent dunia ikamwona. Mtazame magongo yanavyofanya kazi ya mguu wa pili na wa tatu. Miaka mingi kabla yake Mmarekani Clayton Bates alikuwa akicheza tap, ngoma ya kugonga sakafu kwa viatu, kwa mguu wa mti, ule mti ukawa sauti yake. Na Sudha Chandran wa India, mcheza Bharatanatyam, ngoma ya jadi ya huko, alipoteza mguu kwa ajali 1981 akarudi jukwaani na mguu wa bandia wa Jaipur, ngoma ile ni ya kukanyaga tupu.

Magongo ya kwapani yaachie nafasi ya vidole viwili au vitatu chini ya kwapa, kiwiko kikunjike kidogo, na uzito uko kwenye viganja. Ukiegemea kwapa mshipa wa fahamu unabanwa, mkono unaanza kufa ganzi, kifundo kinalegea. Mpira wa chini ukiisha mistari badilisha kabla ya kucheza, siyo baada. Sakafu yenye soda iliyomwagika usikanyage.

Wa kiti cha magurudumu: glavu, breki wazi, mtu wa kucheza naye asivute kiti, akushike mkono wewe ndo uvute. Mchezo huu wa ngoma kwenye kiti ulianza Sweden 1968 na leo una mashindano ya dunia, mwenye kiti na asiye na kiti pamoja.

Waliokatwa mkono wanaambiwa "we una bahati, miguu ipo", alafu wanaanza kucheza wanapepesuka. Mikono ndo inabalansi mwili, ukitoa mmoja kiwiliwili kinajizungusha na shingo inakaza kesho yake. Panua miguu kidogo kuliko wengine, geuka polepole, na kigutu kitumie, kiinue, kichore, usikifiche ndani ya shati. Kibuyu cha larakaraka kinaweza kufungwa kwa mkanda kwenye kigutu na spoku ikabaki mkono mzima.

Watu, na siku yenyewe ya sherehe

Kupata kundi, anzia kwaya au shule jirani, ofisi ya chama cha walemavu cha wilaya yenu kilicho chini ya NUDIPU, umoja wa walemavu wa nchi nzima, au nenda kituo cha utamaduni cha Ndere pale Ntinda ukatazame ngoma za makabila yote jioni moja uchague. Mwalimu muulize swali moja tu: nikikaa, utanifundisha nikiwa nimekaa? Akianza kuzungukazunguka, shukuru uondoke.

Kuna jambo la pesa. Huku mcheza ngoma anatuzwa, na kwako watatuza haraka, wengine kwa furaha na wengine kwa huruma, utajua kwa macho. Mi napokea zote, huruma nayo inanunua soksi.

Siku ya sherehe fika mapema ukague sakafu, hema nyingi zinafungwa kwenye nyasi zenye mashimo na kamba. Chagua kiti cha pembeni karibu na njia. Mama mwenye gomesi (lile gauni refu la Kiganda), ipandishe kidogo mkanda ukazwe, ikiburuta unyayo wa bandia utaikanyaga na hutasikia. Kanzu vilevile. Ngoma yako ichague mwanzoni ukiwa na nguvu, usingoje saa tano usiku kigutu kimeshapungua. Na mikoba mtafutie mtu mwingine.

Kitu cha mwisho, mwaka wa kwanza na hata wa pili kigutu kinaendelea kukonda, na ukicheza kinabadilika zaidi. Ukiona umefika soksi nne tano ndo mguu ushike, usianze kujaza matambara ndani, soketi imekuwa kubwa, rudi kwa fundi apime upya, na kiatu cha kuchezea ubebe tena.